Kompyuta ya kuhariri video: Hifadhi ya picha itangulie kasi

JUMAMOSI jioni, harusi inapomalizika katika ukumbi mmoja wa Lavington au Kileleshwa, maharusi huondoka na zawadi, wageni hutafuta matatu za kurudi makwao, na wapambaji huanza kukunja vitambaa vyao.

Kijana aliyeshika kamera huondoka na mzigo mwepesi kuliko wote: kadi 3 au 4 za kumbukumbu, kila moja ndogo kuliko kiberiti. Ndani yake mna kiapo kilichotamkwa mara moja, machozi ya mama mzazi, na baraka za babu ambaye huenda asiwepo mwaka utakaofuata.

Usiku huo kadi hizo hufika katika chumba kimoja cha Kangemi, Kawangware au Uthiru, ambako kitanda, meza na kompyuta hugawana nafasi. Kesho yake kadi zizo hizo huenda zikahitajika kwa hafla nyingine. Hapo ndipo suala la kompyuta huacha kuwa la fahari na kuwa la dhamana: picha hizo zitalala wapi?

Ajabu ni kwamba swali hilo aghalabu huja mwisho. Mnunuzi anapofika katika maduka ya Luthuli Avenue au Moi Avenue, huulizia prosesa, kisha kadi ya picha, kisha RAM. Diski hununuliwa kwa pesa zilizosalia.

Mpangilio huo unafaa kupinduliwa. Prosesa dhaifu humchelewesha mhariri wa video, lakini diski moja inayokufa bila nakala humfilisi na kumvunjia jina. Kazi iliyochelewa huombewa radhi. Harusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya kamera.

Kanda iliondoka na ulinzi wake

Sababu ya hatari hiyo huonekana vyema mtu anapoitazama River Road, barabara ya katikati mwa jiji iliyoipa jina Riverwood, yaani tasnia ya filamu za gharama nafuu. Katika miaka ya 1990 na 2000, vichekesho na michezo ya kuigiza kwa Gikuyu, Kiswahili na lugha nyingine za humu nchini ilirekodiwa kwa kanda, ikahaririwa katika vyumba vidogo, kisha ikauzwa kwa kanda za VHS na baadaye kwa sahani za VCD na DVD.

Saa 1 ya video ya mfumo wa DV, uliotumiwa sana wakati huo, ilichukua takriban gigabaiti 13. Baada ya picha kuingizwa kwenye kompyuta, kanda yenyewe iliandikwa tarehe na kuwekwa kabatini. Diski ilipokufa, mhariri alirudi kabatini na kuingiza kanda upya. Alipoteza siku kadhaa za kazi, wala si picha zenyewe. Bila mtu kukusudia, kila kazi ilikuwa na nakala 2.

Kadi ya kumbukumbu haikurithi desturi hiyo. Ni ghali mno kuwekwa kabatini baada ya kila hafla, hivyo hufutwa na kutumika tena. Pindi inapofutwa, diski iliyo mezani hugeuka kuwa kanda, kabati na ghala kwa wakati mmoja.

Hesabu kabla ya duka

Hatua ya kwanza, basi, si kutembelea maduka bali ni kushika kalamu. Kamera nyingi za 4K zinazotumiwa kwenye hafla huweza kurekodi megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti 1 ina biti 8, hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, au gigabaiti 45 kwa saa.

Kamera 2 zikirekodi saa 5 kila moja, jumla ni gigabaiti 450. Ukiongeza picha za droni, sauti iliyorekodiwa kando na video iliyokamilika, harusi moja hufikia nusu terabaiti. Mwenye kupata harusi 2 kwa mwezi atahitaji terabaiti 1 kila mwezi na terabaiti 12 kwa mwaka. Hiyo ni nakala moja tu.

Hesabu hiyo huleta mambo 2. Kwanza, kompyuta inayouzwa na diski ya gigabaiti 512 haiwezi kuwa ghala la kazi hii, hata ikiwa na kasi ya ajabu. Pili, mkataba na mteja unapaswa kutaja picha ghafi zitahifadhiwa kwa muda gani baada ya video kukabidhiwa, kwa mfano siku 90, na kama mteja atakuja na diski yake kuzichukua. Bila kauli hiyo, mhariri hujikuta akilinda kwa gharama yake picha za miaka 5 iliyopita.

Mnunuzi asishtuke diski ya terabaiti 1 inapoonyesha gigabaiti 931 kwenye Windows. Hajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 ilhali Windows huhesabu kwa 1,024.

Diski 3, kazi 3

Hifadhi ya mhariri ina kazi 3 ambazo hazifai kubebeshwa diski moja. Ya kwanza ni kubeba Windows na programu. Kazi hii huhitaji diski ya SSD, na gigabaiti 500 zinatosha. Kompyuta ya zamani inayowashwa kutoka SSD badala ya diski ya kuzunguka hubadilika mara moja, kwa sababu SSD haina sehemu inayozunguka wala sindano ya kusubiriwa ifike mahali pake.

Ya pili ni kubeba kazi inayohaririwa wiki hiyo. Hapa pia SSD yafaa, ya terabaiti 1 au 2. SSD ya kawaida inayounganishwa kwa SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Zile nyembamba za NVMe zinazochomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta hufikia megabaiti 3,500, na za kizazi kilichofuata takriban 7,000.

Wauzaji hupenda kutaja tarakimu hiyo ya mwisho. Hata hivyo, video ya megabiti 100 huhitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Hata mhariri akipanga mikondo 4 kwa pamoja, atahitaji megabaiti 50. Kwa kazi ya namna hii, SSD ya kawaida ina kasi ya ziada, na pesa za kununua iliyo na kasi kuliko zote zingefaa kununulia diski ya akiba.

Ya tatu ni ghala. Hapa diski za kuzunguka bado zina nafasi, kwa sababu huuza terabaiti nyingi kwa shilingi chache. Nyingi husoma kati ya megabaiti 150 na 250 kwa sekunde, kasi inayotosha kupokea gigabaiti 450 kwa chini ya saa 1. Zikiunganishwa kwa tundu la zamani la USB 2.0, kazi hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa 3. Ni muhimu kuhakikisha kompyuta, waya na kasha la diski vyote ni vya USB 3.0 au zaidi, kwani kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho hupanga kasi.

Kuna diski za kuzunguka ambazo njia zake za kuandikia hupandana kama vigae vya paa. Hutambulishwa kwa herufi SMR. Hupunguza gharama, lakini huwa nzito zinapoandikwa na kufutwa mara kwa mara. Kwa ghala linaloandikwa mara moja na kuwekwa, zinafaa. Kwa kazi ya kila siku, mnunuzi atafute zilizoandikwa CMR. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wameuza baadhi ya diski za SMR bila kutaja hivyo, na kwa sababu hiyo ni vyema kutafuta namba kamili ya modeli kabla ya kulipa.

Nakala 3, mahali 2

Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wa picha kote duniani ni fupi: nakala 3 za kila kitu, juu ya vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwe nje ya nyumba. Kwa mhariri wa Kawangware, nakala ya kwanza ni ile ya SSD anayofanyia kazi, ya pili ni diski ya ghala iliyo chumbani, na ya tatu ni diski inayolala kwa ndugu au rafiki katika mtaa mwingine.

Nakala hiyo ya tatu ndiyo wengi huiruka. Lakini mwizi anayevunja mlango huchukua kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake. Moto na maji ya bomba lililopasuka pia havichagui.

Kampuni kubwa zimewahi kufunzwa somo hilo kwa uchungu. Mwaka 1998, filamu ya Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa na studio za Pixar nchini Marekani, amri iliyoandikwa kimakosa ilianza kufuta faili za filamu hiyo. Mafundi walipogeukia nakala za akiba, waligundua kuwa mfumo wa kuzihifadhi ulikuwa na hitilafu na haukuwa umefanya kazi ipasavyo kwa muda.

Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kwa kuwa alikuwa amejifungua na kufanyia kazi huko. Studio yenye mitambo ya mamilioni iliokolewa na kompyuta ya nyumbani, kwa sababu tu ilikuwa mahali pengine.

Tukio hilo lina mafunzo 2. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haifai kuitwa nakala, ni matumaini tu. Na diski 2 zinazoandikwa kwa pamoja ndani ya kasha moja, mfumo uitwao RAID, hazihesabiki kuwa nakala 2: faili ikifutwa kwa makosa, hufutwa kote kwa sekunde moja.

Je, intaneti haiwezi kuwa mahali pa nakala ya tatu? Inaweza kwa video iliyokamilika. Kwa picha ghafi, hesabu ni ngumu. Kupandisha gigabaiti 450 kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua saa 50 mfululizo. Diski iliyofungwa vizuri ndani ya mkoba, kwa matatu ya Waiyaki Way, hufika mapema zaidi.

Sheria ya mwisho ya chumba cha uhariri ni hii: kadi isifutwe hadi picha ziwe kwenye diski 2 tofauti na mhariri awe amezifungua kadhaa kutoka kila diski. Folda ziandikwe tarehe, jina la kazi na namba ya kamera, na orodha ya kilichomo kila diski iwekwe daftarini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Umeme ni sehemu ya kompyuta

Kifaa kinachofuata kwa umuhimu hakimo hata ndani ya kompyuta. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu kote nchini, na kukawa na giza hadi katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Hali hiyo ilirejea Novemba 11 na Desemba 10 mwaka uo huo. Mbali na matukio hayo makubwa, kila mtaa una kukatika kwake.

Umeme unapokatika diski ikiandikwa, faili iliyokuwa njiani huharibika, na wakati mwingine orodha nzima inayoonyesha faili ziko wapi huvurugika. Umeme unaporejea kwa mshindo, huweza kuchoma kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha.

Dawa ni UPS, yaani betri inayokaa kati ya ukuta na kompyuta. Mnunuzi asome wati, wala si namba kubwa ya VA iliyochapishwa mbele. UPS nyingi za VA 1,000 hubeba takriban wati 600 tu. Kazi yake si kumwezesha mhariri kuendelea na kazi hadi usiku, bali kumpa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Skrini na diski za nje zenye umeme wake ziunganishwe kwayo pia. Pasi, jiko na printa zikae mbali nayo.

Vivyo hivyo, kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta kisichaguliwe kwa bei ya chini. Ndicho kinachogusa kila kipuri, na kikifa vibaya huweza kuondoka na diski.

Prosesa na kadi ya picha

Baada ya hifadhi na umeme kutengewa fungu lao, sasa inafaa kuuliza kasi. Hapa pia, kuelewa jinsi video inavyofanya kazi huokoa pesa.

Kamera za kisasa hubana picha kwa mifumo ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, au H.265, iliyotoka mwaka 2013. Zinavyofanya hukaribia daftari la madeni la mwenye duka. Mwanzoni mwa mwezi huandika deni lote, kisha kila siku huandika tu kilichoongezwa au kulipwa. Anayetaka kujua deni la tarehe 20 hulazimika kujumlisha kutoka tarehe 1.

Kamera nayo huhifadhi picha moja kamili, kisha mabadiliko tu. Mhariri anaporuka hadi katikati ya mkondo, kompyuta hulazimika kurudi nyuma kujumlisha. Hiyo ndiyo sababu video hukwamakwama kwenye kompyuta ambayo hucheza filamu bila tatizo lolote, na ndiyo sababu diski ya kasi zaidi haiondoi tatizo hilo.

Kinachoondoa ni sakiti maalumu ya kufungua video. Intel iliingiza sakiti hiyo, iitwayo Quick Sync, katika prosesa zake mwaka 2011, ikiwa sehemu ya kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa. Hivyo, mnunuzi aangalie herufi ya mwisho ya jina. Prosesa za Intel zenye herufi F, kama vile i5-12400F, zimeondolewa kadi hiyo ya ndani, na sakiti huondoka nayo. Tofauti ndogo ya bei huficha tofauti kubwa ya kazi.

Jambo hilo hilo huwahusu wanaovutiwa na kompyuta kubwa za ofisini zenye prosesa za Xeon E5, ambazo hupatikana zikiwa zimetumika. Zina nguvu na nafasi nyingi za RAM, lakini hazina sakiti hiyo, na hulazimika kutegemea kadi ya picha ya kando.

Kamera mpya zaidi hurekodi H.265 yenye rangi nyingi, ambayo huandikwa 4:2:2 biti 10. Prosesa za Intel zenye kadi ya ndani kuanzia kizazi cha 11 huifungua. Kadi za NVIDIA zilizotangulia familia ya RTX 50 ya mwaka 2025 haziifungui, hata zile za bei ya juu. Mnunuzi, kwa hivyo, aende dukani na faili kutoka kamera yake mwenyewe na kuomba ichezwe kwenye kompyuta anayouziwa. Jaribio hilo la dakika 5 hushinda maelezo ya saa nzima.

Kadi ya picha ya kando husaidia kwa kurekebisha rangi, kuondoa chengachenga na kuweka madoido. Anayekata na kuunganisha harusi na mazishi anaweza kuanza bila hiyo na kuiongeza kazi itakapoidai, mradi kasha na kifaa cha umeme viruhusu.

Kuhusu RAM, gigabaiti 16 ni mwanzo na 32 ni raha kwa kazi za 4K. Bei za RAM na SSD zilipanda duniani miezi ya mwisho ya mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Asiyemudu anaweza kununua kipande 1 cha gigabaiti 16 na kuacha nafasi ya kingine kama hicho.

Hata mwenye kompyuta ya zamani hajafungiwa mlango. Programu za kuhariri huweza kutengeneza nakala nyepesi za video, mhariri akakata kwa kutumia hizo, kisha programu ikarudia picha asili wakati wa kutoa kazi ya mwisho. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotoa video hadi 4K ya nukta 3,840 kwa 2,160, na Kdenlive ni ya bure kabisa. Subira ya usiku mmoja nakala hizo zikitengenezwa huweza kuchukua nafasi ya kadi ya maelfu ya shilingi.

Macho wazi sokoni

Wahariri wengi wa nyumbani huanza na kompyuta zilizotumika ofisini ng'ambo. Si jambo baya. Lakini neno i7 pekee halisemi lolote. Namba inayofuata ndiyo husema: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ilhali i7-3770 ni ya kizazi cha 3, na i5 ya miaka ya karibuni huishinda i7 ya mwaka 2012 kwa mbali.

Kizazi kina uzito mwingine. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya kizazi cha 4, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, huanza maisha mapya ikiwa imepitwa na wakati.

Umbo nalo ni jambo la kuzingatiwa. Kompyuta nyembamba za ofisini huvutia kwa udogo wake, lakini nyingi zina kifaa cha umeme cha umbo la pekee kisichobadilishika kwa urahisi, na hazina nafasi ya kadi kubwa ya picha wala ya diski 3. Kasha refu la kusimama, ingawa hubebwa kwa taabu kwenye matatu, ndilo linaloruhusu kukua.

Diski iliyotumika ni bora iepukwe. Ikilazimu, programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo imefanya kazi na dalili za uchovu wake. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka 4 mfululizo bila kuzimwa.

Flashi na SSD za nje zinazoahidi terabaiti nyingi kwa bei ya chakula cha mchana ni mtego. Zimerekebishwa ili zionyeshe ukubwa zisiokuwa nao, na huendelea kupokea faili huku zikizipoteza. Programu ya H2testw hujaza diski na kuisoma tena hadi mwisho, na ukweli hujitokeza kabla ya kazi ya mteja kuingizwa.

Risiti iliyoandikwa namba ya kifaa na muda wa dhamana ni lazima. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 humpa mnunuzi msingi wa kudai haki, lakini bila karatasi huwa na kazi ngumu kuthibitisha alichonunua na alikonunua.

Picha za watu ni amana

Kuna wajibu mwingine ambao haukuwapo enzi za kanda za River Road. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mwaka 2023 shule moja ya eneo la Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa mhariri, hii ina maana kwamba diski inayolala kwa rafiki ifungwe kwa nywila, na kwamba sehemu ya harusi isiwekwe mitandaoni kama tangazo bila kibali cha maandishi. Diski ya kuzunguka inayouzwa iandikwe upya yote kwanza, kwani kufuta faili kwa kawaida huondoa jina tu na kuacha picha zikingoja mwenye ujuzi. Kinyume chake, SSD ya ndani mara nyingi husafisha yenyewe kilichofutwa, na aliyekosea asitumaini fundi kumrudishia.

Jinsi ya kugawa pesa

Mwenye fungu dogo anaweza kuligawa katika sehemu 10. Sehemu 4 ziende kwa kasha, ubao mkuu, prosesa na RAM. Sehemu 3 ziende kwa hifadhi: SSD ya kazi na diski 2 za ghala. Sehemu 1 iende kwa UPS. Sehemu 2 zilizosalia ni za skrini inayoonyesha rangi kwa uaminifu na vipokea sauti vya masikioni. Kadi ya picha ya kando ingoje malipo ya kazi za kwanza.

Mgao huo hauvutii macho ya wageni wanaoingia chumbani. Hakuna taa za rangi, na diski ya tatu haionekani kabisa kwa sababu iko mtaa mwingine. Thamani yake hujulikana siku ambayo kompyuta inagoma kuwaka na mteja anapiga simu kuulizia video ya harusi yake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kompyuta ni koleo, na koleo jingine hununuliwa. Mhunzi mwenye kuhifadhi chuma chake mahali 3 atarudi kazini Jumatatu, na bibi harusi hatajua kamwe kulikuwa na msiba.